Usukani wa Boti ya Meneja

Igogo, Mwanza
9 Novemba 1997

Mpendwa binti yangu Akinyi,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Sisi huku ni wazima, labda wewe huko kwenye joto la Dar. Mama yako naye hajambo, ana kahoma kadogo na kifua, mvua za mwaka huu unazisikia redioni.

Kazi ya redio imekufa, mama. Watu wa Mirongo siku hizi wananunua redio za Dubai, ikikohoa wanatupa wananunua nyingine. Fundi nakaa mlangoni nahesabu wapita njia. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Meneja wa kiwanda kimoja cha minofu ya samaki kaniletea boti yake ya kuchezea, inaendeshwa kwa rimoti. Mtu mzima na ndevu zake! Kila Jumapili anaipeleka ufukweni na wageni wake.

Ugonjwa wa boti ni huu: ukiongeza mwendo, usukani unatetemeka kisha unagoma. Amesema nikiiponya, na ikaenda vizuri mbele ya wageni, nafasi ya fundi umeme kiwandani ni yangu. Kiwanda kina zahanati na daktari wake, na mke wa mfanyakazi anatibiwa hapohapo. Si kwamba mama yako ana hali mbaya. Ila kazi hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Hilo duka unalofanyia kazi linauza vitu hivi. Nishauri.

Baba yako,
Odoyo

Dar es Salaam
17 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, joto tu ndilo linatupika. Mpe mama shikamoo yangu, na unieleze vizuri hicho kifua. Wewe kwako kila ugonjwa ni "kahoma".

Nimecheka kuhusu ndevu za meneja. Wateja wetu wote wako hivyohivyo, wanagombania vigari kwenye maegesho mpaka wanaitana majina.

Nimemuuliza Josephat, fundi wetu wa hapa dukani. Anasema kile kijimashine kinachogeuza usukani, sisi tunakiita sevo, hakitakiwi kula sahani moja na mota. Mota ikikimbia inakomba umeme wote, sevo inabaki na njaa, ndiyo maana inatetemeka. Itenge. Ipe betri zake nne ndogo, pamoja na kile kiboksi kinachopokea mawimbi ya rimoti. Mota ibaki na betri yake kubwa peke yake.

Betri nne nzuri nazituma kwa mkono wa Kija, mwenzangu wa dukani, anakuja Mwanza kesho. Usinunue za huko, hata huku zimejaa za bandia.

Baba, kazi hiyo ipate. Mama aonwe na daktari.

Binti yako,
Akinyi

Igogo
25 Novemba 1997

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Kija amefika, betri nimezipata, Mungu akubariki.

Nimefanya kama alivyosema huyo Josephat. Waya za sevo nimezitenga, kazi safi, hata wewe ungenipa mkono. Usikasirike kwa ninalokwambia sasa. Mama yako siku hizi analala sana, na redio yake ndogo ilikuwa imezimika. Anaipenda ile misa ya asubuhi na kwaya. Basi betri zako nimeziweka mle. Ungemwona uso wake.

Kwenye boti nimeweka zangu za zamani nilizoanika juani juu ya bati. Jua lenyewe la kuibia, lakini zimepata moto. Nimezijaribu na balbu, imewaka vizuri kabisa. Nikaweka boti kwenye beseni, usukani ukaenda kushoto na kulia bila kutetemeka. Nani aliyeishi nchi hii hajaanika betri? Tulisikiliza vita nzima ya Uganda kwa betri za juani.

Wageni wa meneja wanakuja Jumapili ya tarehe 7. Tuombee.

Baba yako,
Odoyo

Dar es Salaam
2 Desemba 1997

Baba,

Shikamoo. Habari za afya utanisamehe, nitauliza mwishoni.

Usitumie betri za juani! Nimemwonyesha Josephat barua yako, akashika kichwa. Redio inakunywa kidogokidogo, ndiyo maana betri iliyoanikwa inaiweza. Sevo siyo redio. Kwenye beseni haisukumani na kitu. Ikifika ziwani, maji yanausukuma usukani, na sevo inavuta umeme kwa nguvu ili ushikilie. Hapo betri ya juani inaanguka mara moja. Balbu haiwezi kukuonyesha hilo.

Mwombe mama zile betri nne, utamrudishia jioni. Ni Jumapili moja tu, baba.

Nimepiga simu kwa Teodora mwenye duka jirani yenu tangu asubuhi, haishiki, wanasema mvua imeangusha nguzo. Reli nayo imekatika. Barua hii nampa dereva wa lori, kaniapia atawahi.

Kwa nini mama analala sana?

Binti yako,
Akinyi

Igogo
21 Desemba 1997

Mpendwa Akinyi,

Salamu, na heri ya Krismasi inayokuja. Sisi tupo.

Barua yako ya lori imefika wiki iliyopita. Lori lilizama kwenye tope huko njiani, dereva hana kosa.

Siku ile upepo ulikuwepo. Boti ilitoka vizuri, wageni wakapiga makofi, meneja akanipiga begani. Akaongeza mwendo, akakata kona kuirudisha. Haikurudi. Ikanyoosha moja kwa moja mpaka ndani ya magugu maji. Niliingia mpaka kifuani na suruali yangu ya kanisani, lakini unayajua magugu hayo, upepo ukigeuka yanahama. Yaliondoka nayo mbele ya macho yetu, kisiwa kizima. Meneja hakunitukana. Alikunja antena ya rimoti yake na kuondoka, na Jumatatu mlinzi wa kiwanda aliniambia nafasi imejazwa.

Mama yako sikumwambia, ila Igogo hakuna siri. Jioni nilikuta betri zako nne mezani kwangu, amezitoa kwenye redio na kuzipanga. Nilizirudisha, akazitoa tena.

Naona aibu, mwanangu. Tunafunga mizigo kwenda nyumbani Shirati. Huko kuna hewa nzuri, mama yako atapata nafuu.

Baba yako,
Odoyo

Dar es Salaam
30 Desemba 1997

Baba,

Shikamoo, na poleni kwa safari.

Nimekasirika, na sitakuficha. Sikukasirikia redio ya mama. Nimekasirika kwa sababu ile kazi ilikuwa daktari wa mama, wewe uliijua hivyo, na ungeniandikia mstari mmoja, "nitumie nyingine nne," ningezituma siku hiyohiyo. Wewe kuomba unaona kama kuvuliwa nguo.

Hapa hawaniruhusu kabla hatujamaliza kuhesabu mali ya duka. Nitakuja katikati ya Januari. Nimeweka akiba ya kumpeleka hospitali. Usiniandikie tena kahoma. Niambie mama ana hali gani, nijue nijiandae vipi.

Binti yako,
Akinyi

Shirati
11 Januari 1998

Mwanangu Akinyi,

Salamu.

Mama yako anaumwa sana. Njoo. Usiteremke Mwanza kututafuta, pitiliza mpaka huku. Watu ni wengi hapa nyumbani, wanasaidia kupika, kwa hiyo usijisumbue kubeba chakula.

Njoo polepole, barabara ni mbaya.

Baba yako

Dar es Salaam
19 Januari 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuja nayo jirani yangu Venant, yeye amepata nafasi ya basi leo, mimi kesho.

Baba, pole. Pole sana. Wewe hujawahi kuandika "anaumwa sana" juu ya mtu aliye hai. Shangazi Akelo ulimwandika hivyohivyo, nami nikahangaika nikanunua dawa ya kifua na maziwa ya kopo, nikashuka nayo pale njiapanda nikakuta mmeshazika na kunyoa vichwa vya msiba. Nililia nikiwa na kopo mkononi.

Safari hii sikununua dawa. Najua mmemzika, msingeweza kunisubiri kwa barabara hizi. Hasira yangu ile ya Desemba imekwisha, usiikumbuke.

Ila waambie kina bibi waweke wembe kando kwanza, wanisubiri. Nimefumua nywele zangu jana, rafiki yangu Odeta amenisaidia. Wewe na mimi tunyolewe siku moja, baba, nikiwa nimekaa karibu yako.

Binti yako,
Akinyi