Kiti cha Dada Phulmati

Mkolani,
Mwanza.
3 Septemba 1995

Mpendwa mjukuu wangu Teodora,

Marahaba! Shikamoo yako imefika salama pamoja na kaseti. U hali gani huko Jabalpur, na masomo ya kilimo yanaendaje? Sisi hatujambo. Magoti yananisumbua nikipanda mawe ya hapa Mkolani, ila macho bado yanasoma. Bibi yako Mhoja ni mzima. Anasema wewe, mke mwenzake, usimletee tena ugomvi kutoka India. Sababu utaiona mbele.

Nimecheka kusoma ulivyopokewa kule kijijini kwetu, Rewa. Ulimwamkia dada yangu Phulmati kwa Kihindi safi cha chuoni. Naye akajifunika kichwa, akakuletea kiti, akabaki amesimama. Ulipomwuliza lugha yake akajibu Kihindi, kama alivyomjibu karani wa sensa. Usimlaumu. Kwetu Kihindi ni cha ofisini, na mwenye kukisema huwekewa kiti. Mtu wa nyumbani huketi chini jikoni. Nenda kwa shangazi wa bibi yako Buhongwa umsalimie kwa Kiswahili cha redio: utaletewa kiti vilevile. Sema Kisukuma, utapewa viazi umenye.

Nafurahi kwamba hatimaye uliyakumbuka maneno ya Kibagheli, lugha ya kwetu, niliyokufundisha ukiwa mdogo, na kiti kikaondolewa.

Umeuliza kama Kibagheli ni lugha au ni Kihindi cha shamba. Nilivyosoma, wataalamu hukiweka katika Kihindi cha Mashariki, pamoja na Kiawadhi na Kichhattisgarhi. Wapo wanaokiita lahaja ya Kiawadhi, na kwenye sensa wengi hutiwa ndani ya Kihindi. Kwa hiyo wasemaji wake ni mamilioni, lakini kwenye vitabu vya serikali huonekana wachache. Mimi siwezi kuamua kesi ya wataalamu. Najua tu kwamba mama yangu hakuwa na lugha nyingine ya kunibembelezea.

Habari zako zimenipa moyo: redio ya Rewa ina vipindi vya Kibagheli, vijana wanakitungia mashairi, na chuoni wapo wanaokichunguza. Nilipoondoka, hakuna aliyedhani kinastahili hata karatasi.

Tangu nilipoletwa huku, kijana fundi wa mashine za kuchambua pamba, sijapata wa kusema naye. Wahindi wa Mwanza wanasema Kigujarati na Kikachi. Kibagheli nakisema peke yangu, nikinyoa ndevu, na kioo hakisahihishi.

Sasa kaseti. Siku hizi redio za kaseti kutoka Dubai zimejaa madukani Nyamagana, hata mimi ninayo moja. Nikaweka betri mpya, sauti ya dada yangu ikajaa sebule. Bibi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi.

“Huyo mama anakugombeza hivyo, umemfanya nini?”

“Ananisalimia.”

“He! Akikasirika je?”

Mwishoni kabisa dada akaniuliza: “Mjukuu wako alikuja na maneno ya karani. Na wewe, mdogo wangu, ukija nikuwekee kiti?”

Teodora, swali hilo linaninyima usingizi. Ardhi ya kule sidai, wala nyumba. Lakini nisingependa dada yangu ajifunike kichwa mbele ya sauti yangu.

Basi nimemjibu, upande wa pili wa kaseti ileile. Nimemweleza habari za ziwa, za pamba ambayo sasa hata watu binafsi wanainunua, na za magari ya kampeni yanayotupigia kelele kila siku. Nimemkumbusha pia jinsi alivyonisukuma mtoni nikiwa na nguo mpya. Hapo bibi yako alirudi tena mlangoni. “Mzee, na wewe umeanza kugomba? Mnagombania nini na huyo dada yako?” Hajui neno hata moja la Kibagheli, lakini sijapata kusifiwa kama siku ile.

Ukienda Rewa likizo ya Diwali, mwekee kaseti hii ninayokutumia, wala usimtafsirie kitu. Mtazame tu mikono. Ikienda kwenye ushungi, niandikie polepole. Akianza kunijibu kabla sijamaliza, niandikie siku hiyohiyo.

Mama yako Dorcas anakusalimu, na mjomba Mashimba anauliza kama huko wanakula ugali. Mungu akulinde njiani, na kila jiko utakaloingia likupe nafasi ya kuketi.

Babu yako akupendaye, anayengoja kugombezwa,
Ramsahay