Kidoti Ndani ya Godoro

Mwanangu mpendwa,

Huku tu wazima. Paa tumeliziba, halivuji tena. Jana nilimpeleka binti yako, Kidoti, kwa mwalimu wa tiba ya michezo. Si unajua asivyotaka kuguswa? Mwalimu alimviringisha ndani ya godoro jembamba, akamkandamiza kwa mito huku akimwimbia. Nikajua sasa atapiga mayowe. Mwanangu, alicheka! Kisha akauvuta mkono wangu, akaubana mgongoni kwake.

"Akiguswa kidogo huona kama anachomwa, mama," mwalimu akasema. "Akibanwa vizuri, hutulia."

Kumbe sisi tulikuwa tukimshika kama yai!

Najua kwa nini huji likizo: kila ulipomshika, alikusukuma. Hakukukataa, baba. Njoo umkumbatie kwa nguvu zako zote.

Mama yako, aliyekumbatiwa na Kidoti mpaka mbavu zikalia.