Sindano Kumi na Mbili au Uzi Mmoja

Baba Mutheu,

Huku tuko. Sitasema wazima sana, wala sitasema wagonjwa. Mvua imenyesha kidogo Ekalakala na mbaazi zile karibu na ulipolala zimeshika vizuri. Hiyo ndiyo habari njema, nimeitoa mapema kwa sababu sina nyingine.

Unanijua, mimi si mtu wa kuandika. Kingekuwa kitu cha siri ningekwambia pale kaburini nikipalilia, kama ninavyofanya kila nikienda, na majirani wanadhani naimba nyimbo za kanisa. Hii naiandika mbele ya watu kwa sababu nimeshindwa. Labda kuna fundi mahali atasoma, mtu anayezijua hizi mashine kama wewe, anijibu kwa niaba yako. Nilitakiwa kuchagua mashine ya kudarizi ya duka letu. Mimi! Mimi ambaye hata rangi ya mlango wa hilo duka nilikuuliza mara tatu, na ukachoka, ukasema paka yoyote, nami nikalia.

Unakumbuka siku uliyoileta ile yako? Hatukuwa tumemaliza mwaka tangu tuoane. Ulikuja na mkokoteni ukitoka stendi ya Machakos, shati limelowa mgongo wote, na juu ya mkokoteni kuna kitu kimefunikwa na gunia. Nikajua umeninunulia kabati. Ukafunua. Nikaona chuma cheusi kina sindano moja, na chini ya meza kuna kishikio kama cha kusagia nyama. Nikakuuliza, "Na hii ni nini tena?" Ukasema, "Hii ni shamba letu." Nilinuna siku mbili. Nilikuwa nimetaka ng'ombe.

Lakini hilo shamba lilitulisha, siwezi kukana. Mkono wa kulia chini ya meza unazungusha kishikio, sindano juu inafuata, na jina linatokea kwenye sweta la shule kama unaandika na kalamu. Hukuchora kwanza. Hukupima. Ulimwuliza mama wa mtoto, "Anaitwa nani?" na kabla amalize kutafuta noti kwenye leso, jina liko ndani ya kola. Watu walijua mwandiko wako. Mwalimu mmoja wa Kithimani aliniambia sweta likiokotwa uwanjani, kabla asome ni la nani, anajua ni nani ameandika.

Na kilichowaleta hasa haukuwa mwandiko. Ni kwamba jina uliloshona lilitoka. Wale wenye mashine zingine wakishona jina, limeshonwa, basi. Ukitaka kulitoa ni wembe, na wembe unaondoka na sweta. Wewe ulishona mnyororo, uzi mmoja tu, kitanzi ndani ya kitanzi. Mtoto mkubwa akimaliza na sweta, mama anashika mwisho wa uzi, anavuta, prrrr, jina limeisha na sweta ni la mdogo wake. Kina mama walikuwa wanakuja wakati shule zinakaribia kufunguliwa, wamepanga mstari mpaka kwa muuza viatu, na wote wimbo ni mmoja: "Fundi, andika huyu, lakini ujue kuna mwingine nyuma." Nawe unawajibu, "Hata wakiwa kumi, sweta ni hilo hilo." Wanacheka. Mimi niko mbele kwenye meza nikipokea, na kwa mgeni ambaye haamini nachukua kile kipande cha kitambaa cha kuonyeshea, chenye mistari tu bila jina, nashika uzi, navuta. Nilivuta hivyo miaka na miaka. Mkono wangu ulikuwa unajua hiyo kazi kuliko kichwa.

Ulitaka kunifundisha. Nakumbuka, usifikiri nimesahau. Ulinivutia stuli, ukasema, "Kaa hapa Mama Mutheu, ni mkono tu, usiogope." Nikakwambia, na nani atapokea wateja? Ukaniuliza tena mwaka mwingine, nikakwambia macho yangu. Macho yangu yalikuwa sawa kabisa. Nilikuwa naogopa kuandika vibaya mbele yako unicheke, na niliona haraka ya nini, si uko. Asi! Kama kuna kitu ningerudisha ni hiyo stuli.

Baada ya kukuzika nilijaribu. Nilifunga mlango, nikakaa pale pako, nikazungusha. Nilikuwa naandika jina la mtoto wa jirani. Baba Mutheu, lilitoka kama kuku amepita kwenye unga. Nikajaribu tena wiki nzima. Halafu nikafunika mashine na lile gunia, nikaanza kuwaambia wateja, "Kesho, kesho." Mteja si mjinga. Anaenda kwa mwingine, na wengine wote wako na zile za kampyuta.

Mutheu ndiye alisema basi. Bado yuko Mavoko kwa ile kiwanda, na unajua Kiswahili chao cha huko. Alinipigia: "Mathe, nunua mashine inajiendesha, hiyo ya buda achana nayo, itakumaliza." Buda ni wewe. Pesa uliacha, Mungu akubariki, hiyo haikuwa shida. Lakini ni ya mashine moja. Nikikosea hakuna ya pili, na bila mashine ifikapo Januari hakuna duka.

Nikaenda Nairobi kwa wauzaji. Msichana wa pale alinipokea vizuri, ananiita mama, akanipa chai. Nikamwambia sijui kitu, nifundishe kama mtoto. Akanionyesha mbili ambazo pesa yetu inafika.

Ya kwanza ni mpya, ina sindano kumi na mbili, kila moja na rangi yake. Unaiambia kwa kioo andika hivi, inaandika, inakata uzi yenyewe. Stima ikipotea inakumbuka ilipoachia. Spea zimejaa Nairobi nzima, na fundi ukimpigia simu anakuja hadi Machakos. Lakini inashona ile ya kukaa, isiyovutika. Alinipa kipande nijaribu kutoa jina na wembe. Nilitoa shimo la kupitisha harage.

Ya pili imetumika ng'ambo, sindano moja, rangi moja kwa wakati, na inashona mnyororo. Mnyororo wako kabisa! Nilivuta, prrrr. Nikacheka peke yangu mle dukani kama mwenda wazimu. Yule msichana, kwa haki, hakunificha. Akasema hiyo ikiharibika, anayeijua ni fundi mmoja tu na yuko Mombasa, na spea ni ya kuagiza, unaweza kungoja hata miezi mitatu. Nikaona wapi na wapi. Nikarudi nyumbani kichwa kimejaa, nikakuuliza usiku na mchana.

Lakini moyo ulikuwa umeshaangukia ya mnyororo. Hiyo ndiyo kazi wateja wanaitaka kwetu. Nikampigia msichana, akasema, "Mama, kuja na sweta mnayoshonea, tuijaribu vizuri kabla ulipe." Nikamwuliza kitu kilichokuwa kimenikaa rohoni: hii mashine inaweza kuiga mwandiko wa mtu? Akasema, "Inaweza. Leta mwandiko, tupige picha, tutaupanga kwa kampyuta. Itaandika kama mzee mwenyewe."

Kama mzee mwenyewe. Nilikaa chini.

Sasa, mwandiko wako nitoe wapi? Nilizunguka. Nikawauliza kina mama, nani ana sweta iliyoandikwa na Baba Mutheu? Mmoja: "Woi, ya wetu nilivuta, mdogo ameingia grade one." Mwingine amevuta mara tatu kwa watoto watatu. Mwingine sweta lenyewe limekuwa tambara la kupangusia taa. Ulishona majina yatoke, na yalitoka. Lililobaki ni moja tu, unalijua. Sweta la Mutheu la kwanza la shule, lile la kijani, chini ya nguo zangu za harusi kwenye sanduku. Hilo hatukulivuta kwa sababu hatukupata mwingine wa kumpa. Tulingoja, tukanyamaza, na sweta likabaki na jina lake.

Nikalichukua. Nikalikunja kwenye gazeti, kwenye mfuko, nikaenda.

Msichana alilifurahia. Akapitisha kidole juu ya jina, akasema, "Huyu mzee alikuwa na mkono." Nikajisikia kama nimesifiwa mimi. Akasema ngoja nilete kamera ile nzuri. Akiwa anaondoka akageuka, akaniuliza tu, vile mtu anauliza: "Lakini mama, kwani zenu zilikuwa zinatoka aje, mpaka wateja wanazililia?"

Na kile kipande cha kuonyeshea nilikuwa nimekisahau nyumbani.

Nikasema, "Tazama." Vile nimesema pale dukani kwetu miaka yote. Nikashika uzi, nikavuta.

Jina linaanza kutoka mwisho, unajua. Herufi za nyuma zilienda zote kwa mara moja, na mimi natabasamu, Baba Mutheu, natabasamu, namwangalia msichana kama amefurahi. Ni uso wake ulinishtua. Nikaangalia chini. Zimebaki mbili, M na U. Nikapiga kelele nikaachilia uzi kama umeniunguza. Msichana akakimbilia kamera lakini mimi nilikuwa nimeshalikunja, nimelikumbatia, nasema hapana, hapana, niache niende nyumbani. Sikutaka lipigwe picha likiwa hivyo, nusu, kama mtu aliyekatwa. Ujinga gani huo? Hizo mbili angepiga. Zingetosha kitu.

Na nikafanya kosa la pili ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja hangefanya. Mnyororo ukikatika katikati unapitisha uzi kwenye kitanzi cha mwisho, unafunga. Ukikiacha wazi, kinajifungua chenyewe. Uliniambia hilo mara ngapi? "Funga kitanzi, mama, funga kitanzi." Sikufunga. Niliposhuka Machakos, nikafika nyumbani na kufungua gazeti, kulikuwa na uzi mweupe umejikunja, na sweta la kijani.

Mutheu alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimepanga kumficha, sikuweza, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilijua atasema ni sweta tu. Akalichukua, akageuza kola, akapitisha kidole ndani polepole, upande huu, upande ule. Kile Kiswahili chake cha Mavoko chote kilimwisha. Akaniuliza, "Mum, ilikuwa wapi hasa?"

Nikashindwa kumwonyesha. Ulikuwa ukijisifu kwamba kazi yako haiachi alama, na ni kweli, haikuacha. Tulipeleka sweta dirishani kwenye mwanga, mimi na yeye, tukatafuta hata tundu moja la sindano. Yeye akasema hapa, mimi nikasema hapana, ni hapa. Hatukukubaliana. Akaliweka juu ya meza, akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nimeudhika na wewe, nikuambie ukweli. Kwa nini hukuwa na ubinafsi hata kidogo? Kwa nini uliandika watoto wa watu wote majina ya kutoka? Mtu anaacha ukuta, anaacha mti, hata mlevi anaacha deni. Wewe ulifanya kazi miaka yote hiyo na ukahakikisha kwamba haitaonekana, na mimi nilisimama mbele nikiipigia debe. Halafu najilaumu kwa kukulaumu. Nalala na kuamka na hiyo.

Jana msichana alipiga simu. "Mama, umeamua? Ile ya mnyororo kuna mtu mwingine anaitaka." Nilikuwa dukani, na kwenye meza kulikuwa na mama wa Kithimani na sweta mbili, ananingoja. Najua la kufanya lilikuwa lipi. Wateja wetu wote ni wa mnyororo. Nikichukua ile nyingine nitakuwa kama kila mtu, na kina mama watanung'unika, na kuna watakaokata kola za watoto na wembe, na wengine watasema tangu mzee aondoke hilo duka si lile. Yote nilijua nikiwa nimeshika simu.

Nikamwambia aniletee ya sindano kumi na mbili.

Sina sababu ya biashara ya kukupa. Mutheu anadhani ni kwa sababu ya spea, na nimemwacha adhani hivyo. Ni kwamba mkono wangu hautaweza tena kuvuta. Mama akileta sweta akasema nitolee hili jina, siwezi. Nataka niandike jina la mtoto na likae pale, hata likikosa kazi, hata sweta likiharibika nalo. Yule mama wa Kithimani aliniuliza, "Na hii mpya itatoka?" Nikasema haitatoka. Akakunja sweta zake mbili, akasema atafikiria, akaenda.

Wanaileta Jumatatu. Najua nimekosea, Baba Mutheu. Nimengoja ugombane na mimi tangu jana. Gombana na mimi.

Ni mimi wako,
Mama Mutheu