Nyumba ya Rugaibula

Bukoba,
Alhamisi jioni.

Mae waitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikiwa nimepiga magoti kama ulivyotufundisha, ingawa magoti yenyewe yako huku Bukoba na wewe uko Kimwani. Umeshindaje? Lile goti lako la kushoto linakuacha ulale? Migomba ya nyuma ya nyumba imesimama, au upepo wa juzi umeilaza? Mimi mwili wangu hauna neno. Mvua inatunyeshea kila siku na nguo hazikauki, lakini hayo ndiyo ya Bukoba, tumeshayazoea.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu unayo. Nimemwomba mwalimu Josia, anayekuja huko kesho kuwaona wazazi wake, akukabidhi mkononi. Jambo hili siwezi kukueleza kwa simu, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini. Tafadhali mae, meza dawa yako kwanza, ukae, ndipo usome.

Ofisini tumepata msimamizi mpya wa kompyuta, anaitwa Awadhi, kijana wa hapa mjini, mpole lakini mgumu kama kokwa. Aliniita akanipa pole ya kaka Rugaibula, kisha akasema akaunti ya marehemu haiwezi kuendelea kukaa kwenye mashine kubwa ya ofisi, na Ijumaa jioni ataifuta. Nikamwambia programu zetu zote zinaitegemea. Akajibu kwamba ndiyo sababu ameniita: nijitegemee.

Nikueleze kidogo, maana Rugaibula hakuwahi kukueleza bila kucheka. Lugha ya kompyuta aliyonifundisha haifanyi kila kitu peke yake. Kuna vipande vilivyokwisha andikwa na watu wengine, vinaitwa moduli, unavishusha kutoka mtandaoni na kuvisimika. Sisi wadogo haturuhusiwi kusimika chochote kwenye mashine nzima, hiyo ni kazi ya msimamizi. Rugaibula alipokuwa hai alipata dawa yake: alitengeneza folda yake binafsi ndani ya akaunti yake, akajaza moduli humo, akaiambia lugha iende kutafuta humo. Sisi wengine kwa uvivu tukanakili maelekezo yake. Ofisi nzima tukawa tunachota kwake, kama majirani wanaotegemea kisima cha mtu mmoja. Alizikwa, na sisi tukaendelea kuchota.

Basi nikaanza kutengeneza folda yangu. Nilisimika moduli moja baada ya nyingine, nikaiambia lugha itazame kwangu kwanza. Mae, kazi ile ilinitisha. Humo ndani akaunti ya kila mtu huitwa nyumba yake, na kila programu ilipokwama, mashine iliniandikia kwamba imekwama nyumbani kwa Rugaibula, mstari fulani. Nikirekebisha hapa, inanirudisha tena nyumbani kwa Rugaibula. Nilikuwa nageuka kutazama kiti chake, mimi ninayewacheka wanaoogopa giza.

Siku moja kila kitu kikakubali. Nilifurahi kama mjinga. Kumbe nilikuwa nimesahau kuondoa njia ya kwake, na mashine ikikosa kitu kwangu inakwenda kukichukua kwake kimyakimya. Ili nijue ni nini bado kinamtegemea, nikabadilisha jina la folda yake, mashine isiione, nikaenda zangu kulala.

Asubuhi yake ndipo uliponipigia. Ulisema hukumeza dawa ya presha kwa sababu Rugaibula hajakukumbusha. Nilidhani nimesikia vibaya. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia habari za sokoni, kwamba tangu tumzike hajaacha kukusalimia hata alfajiri moja, ila leo, na ukaniuliza kama umemuudhi.

Nilikata simu nikakimbilia ofisini. Nikafungua nyumba yake, nikatafuta, nikakuta programu ndogo niliyokuwa siijui. Kazi yake ni moja tu. Kila alfajiri inaamka, inatumia laini yake aliyoichomeka kwenye mashine ya ofisi, na inatuma ujumbe kwa namba yako: “Mae waitu, umeamkaje? Mimi mzima. Usisahau dawa.” Aliiandika mwaka ule ulipoanguka shambani, kwa kuwa alijijua ni msahaulifu. Mashine haikuambiwa kwamba amekufa. Iliendelea kukuambia kuwa ni mzima.

Mae, huna wazimu. Nasema hili kwanza kabla ya mengine. Baba mdogo Rweyemamu alipotuambia kwamba unakataa omusika akalishwe kwenye nafasi ya Rugaibula, kwamba unasema huwezi kumweka mrithi mahali pa mtu anayekusalimia, sote tuliamini uchungu umekupanda kichwani. Ukoo ulikaa kujadili nani akuombee na nani akupeleke hospitali, nami nilikuwapo, nikaitikia. Hukumwonyesha mtu simu yako, na hakuna aliyekuomba. Ulikuwa unasema kweli tupu.

Sasa lililobaki ni langu, na ndilo linaloninyima usingizi.

Nilirudisha jina la folda ili upate salamu zako umeze dawa. Hapo ndipo nilipoona kwamba majibu yako yote yalikuwa yanaingia humo. Niliyasoma, mae. Ulimweleza habari za kuku, za ndizi zilizoibwa, za baridi. Ulimuuliza kama huko aliko kunanyesha. Na kila siku ulimalizia kwa swali lile lile, kama amekula. Jumapili iliyopita uliandika kwamba umechoka kuulizwa kila siku umeamkaje na mtu asiyejibu anachoulizwa, na kwamba ukikosa jibu leo utajua hata yeye amekutupa.

Nikajibu. Niliandika kwa laini yake: “Nimekula, mae.”

Ni mimi. Si yeye, wala si mashine. Nilidhani nakupoza. Kumbe Jumatatu ulimfukuza baba mdogo uani, ukafungua nyumba ya Rugaibula ya huko Kimwani, ukatandika nyasi mpya na kufua shuka zake, ukawaambia majirani anakuja. Baba mdogo alinipigia akilia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikumaliza hata siku mbili.

Jana nimejaribu salamu ile kutoka folda yangu, ikaenda vizuri kwenye simu yangu. Ningeweza kuiacha ikusalimie kwa jina lake mpaka tuzeeke sote, na Awadhi asingejua. Nilikaa nikiisoma ile “mimi mzima” mpaka nikashindwa. Nimeifuta kwangu, na ile ya kwake Awadhi ataifuta kesho jioni pamoja na akaunti. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri simu yako itanyamaza, na ninaogopa kunyamaza huko kuliko unavyoogopa wewe. Dawa umeze. Hukumuudhi, wala hajakutupa. Amelala kwenye migomba, pale pale tulipomweka.

Jumamosi hiyo hiyo nakuja na basi la asubuhi. Ukinikataza kuingia nitakaa mlangoni, sitalalamika. Lakini nakuomba umruhusu baba mdogo aje, omusika akalishwe, nyumba ile ipate mtu wa kuwasha moto.

Nisalimie mama Alistidia na wote wa kanisani. Mwalimu Josia mpe chai, ametembea.

Na kama utapika siku hiyo, usimpikie yeye. Umeuliza kila siku kama amekula, nami nilijibu kwa jina lisilo langu, tena uongo. Sijala vizuri tangu tumzike.

Mwanao uliyebaki naye,
Joanitha