Karatasi za Jina la Zamani

Jumatano, Novemba 2006. Thamesmead. Rasharasha tangu alfajiri, na moyo wangu hautulii.

Nimerudi kazini, hata koti sijavua, nimekaa mbele ya kompyuta ya mwanangu Salma. Chai niliyojimiminia imeshapoa. Labda nikiandika nitapata kupumua.

Leo nimenyamaza mahali pa kusema.

Mnaonisoma hapa mnajua nasafisha ofisi ya mawakili Lewisham, asubuhi mapema kabla wenyewe hawajafika. Wenye ofisi ni watatu. Mkubwa wao Bwana Jivan, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili anakisema kunishinda mimi. Mwezi huu ofisi imebadilika. Jengo lile lile, watu wale wale, ila mwisho wa jina wameongeza herufi tatu, LLP. Nilimuuliza maana yake siku moja namwaga taka zake.

Akacheka. "Bi Mwanaisha, miaka yote hii mteja akitushitaki tukashindwa, alikuwa anaweza kunifuata mpaka kwangu, akachukua nyumba na kitanda nilalacho. Hata kosa likiwa la mwenzangu. Sasa akishitaki atashitaki ofisi, ataishia ofisini. Mke wangu ndiyo kwanza anapata usingizi."

Nikamwambia alhamdulillahi, na apumzike mama wa watu.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Ijumaa nilikuta maboksi mawili mlangoni. Karatasi nyeupe, nzito, zenye jina la ofisi juu. Nilijua zinakwenda kwenye mashine ya kuchana, nikadhani zimezidi tu. Mimi kutupa kitu kizima siwezi. Kwetu punje ya wali ikianguka mkekani inaokotwa, ukiiacha unaambiwa unafanya israfu. Na nina tabia yangu pale, hakuna aliyenituma: nikimaliza kupiga deki najaza karatasi kwenye printa, Doreen akija akute kila kitu tayari. Basi nikazijaza zile. Nilitazama jina, nikaliona ni lile lile. Herufi tatu mwisho wa mstari, na macho yangu haya na darasa langu la nne, ningeziona wapi?

Jumatatu na jana barua zote zimetoka kwa jina la zamani. Zimetiwa saini, zimetiwa stempu, zimekwenda. Moja imekwenda kwa mteja mkorofi ambaye tangu zamani anawatafutia kosa.

Leo Bwana Jivan kaja saa moja na nusu, mapema kuliko kawaida yake, na Doreen kaitwa aje saa hiyo hiyo. Mimi niko ukumbini na ndoo yangu. Mlango wazi.

Doreen ndiye karani wao, Mjamaika, mtu mzima mwenzangu. Barua zikinijia kutoka kanseli, halmashauri ya mtaa wetu, au hospitali, nampelekea yeye, ananisomea polepole, na nisipoelewa ananichorea. Hajawahi kunicheka.

Kizungu chao kilikuwa cha haraka lakini hicho nilikielewa chote. Bwana Jivan anasema yule mteja sasa atadai ameahidiwa na wao wenyewe watatu, si na ofisi mpya, na kazi yote ya kubadilisha itakuwa bure. Anamuuliza Doreen kwa nini hakutazama. Doreen anasema alitumia karatasi iliyokuwamo ndani ya printa.

"Na nani aliitia? Mimi?"

Doreen akageuza uso. Akanitazama mimi, pale ukumbini, na fagio mkononi.

Hakunitaja.

Anajua. Kila asubuhi ananishukuru kwa printa ile. Akainamisha kichwa akasema samahani, kosa lake, alipaswa kutazama. Na mimi, mtoto wa watu niliyefunzwa adabu, nikachukua ndoo nikaenda kumwaga maji yaliyokuwa bado safi.

Kesho saa tatu wanakaa kikao, wote watatu, kuamua Doreen abaki au aondoke.

Nimempigia Salma kazini kwake Stratford. Mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kizungu, ndivyo tunavyoongea. Kaniambia nifunge mdomo. Kampuni ya usafi itanitoa siku hiyo hiyo, anasema, na umri huu nani atanichukua. Halafu akaniuliza, kwani kujaza printa ilikuwa kazi yako? Nikamuuliza kala nini mchana. Akakata simu, kisha akapiga tena kuniambia kala sandwichi.

Mwanangu ananionea huruma. Lakini huyo Doreen naye ana wa kumuonea huruma kwake, na hivi sasa sijui wamekaa vipi.

Nilifikiri Salma aniandikie kijibarua kwa Kizungu nikiache mezani kwa Bwana Jivan. Nimelitupa wazo hilo. Kijibarua ni kukimbia. Nitamwambia kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili, yeye anakijua na mimi sitatafuta maneno. Na Doreen awepo, nitamuomba Bwana Jivan amfasirie kila nitakalosema, asiache kitu.

Naogopa. Naandika hivyo ili nisijidanganye.

Zamu yangu inakwisha saa mbili, kikao saa tatu. Sitakwenda kituoni kusubiri basi. Nitavua aproni, nitanawa uso, nitakaa kwenye kiti cha wateja pale mbele ya mlango wao. Miaka sita nakifuta vumbi kiti kile, sijapata kukikalia.