Doa Katikati ya Anga

6 Februari

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mzee wako. Mimi mzima, ila mguu hunikumbusha umri kila nikishuka ngazi. Wewe je? Hiyo baridi imekuachia vidole vya kukazia nati za lifti za watu?

Kadi ya picha ya kompyuta uliyonitumia imefika. Mshonaji wa mlango wa pili aliipindua huku na huku akasema, "Hii kadi gani yenye feni mbili? Si friji hii?" Nimeichomeka kama ulivyoeleza, ikaingia kwa mlio mzuri. Nikawasha kompyuta. Feni zinavuma, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Nimekaa miaka kwenye kibanda cha kreni, upepo unanitikisa kama nguo kambani, sikuogopa. Weusi ule umenitisha. Nimeiua?

Unajua ninachokitamani. Tangu mguu uniteremshe kazini sijauona mji kwa juu. Dirisha langu linaona ukuta, na ukuta hauna habari mpya. Uliniambia kuna mchezo wa ndege isiyo na injini, inayobebwa na hewa ya joto, na viti vyake ni viwili. Nisaidie nipande.

Nakuandikia kwa simu, kidole kimoja, usiyahesabu makosa.

Baba yako


8 Februari

Shikamoo baba,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia sijambo, vidole vyote vipo.

Hujaiua. Kwanza chungulia nyuma ya kompyuta. Waya wa skrini umeuacha kwenye tundu la zamani, sivyo? Kadi ina matundu yake, chini kidogo. Uhamishie huko.

Ikibaki nyeusi, tatizo ni dereva. Hiyo ni programu inayoijulisha kompyuta namna ya kuiendesha kadi. Mfumo wa kompyuta niliokuwekea ni huria. Unatengenezwa na watu waliotawanyika duniani, kila mmoja na kipande chake, na wengi hawajawahi hata kuonana. Kadi yako ni mpya kuliko mfumo wenyewe, kwa hiyo hawajajuana. Ukiwasha, ingia kwa ile njia ya dharura kwenye orodha ya mwanzo, kisha sasisha kila kitu, uzime, uwashe tena.

Taratibu tu, baba. Hakuna anayekufukuza.

Binti yako


15 Februari

Mwanangu, marahaba,

Afya njema, na moyo mweupe kabisa. Waya ulikuwa kwenye tundu la zamani! Nilicheka mpaka Mshonaji akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia, "Kumbe hata kadi ina dereva wake." Akasema, "Basi ndiyo maana haiendi, madereva mkikutana ni kupiga soga tu."

Nimesasisha, nikawasha, nikapaa.

Sijui nikueleze vipi. Ziwa lilikuwa la rangi ya waridi. Miti haikugusa ardhi, ilielea, kila mmoja na kivuli chake kikiusubiri chini. Kulikuwa na mlima uliokatwa katikati, na ndani yake nikaona anga nyingine. Nikapita humo polepole, hakuna kelele ila upepo. Nilipoutoa mkono kwenye kipanya, chai yangu ilikuwa imepoa.

Hivi ndivyo mchezo ulivyo, au nimeharibu kitu? Nikiwa nimeharibu, usiharakishe kutengeneza.

Baba


17 Februari

Shikamoo baba,

Umenifanya nitabasamu ndani ya shimo la lifti, mwenzangu akadhani nimeona panya.

Huo si mchezo, ni dereva bado mchanga. Anaichora dunia huku akijifunza. Toleo jipya liko njiani, ukilipata ziwa litakuwa la maji na miti itashuka. Lakini ruka tu kwa sasa. Jumamosi nitaingia kwa mtandao nikae kiti cha nyuma. Nataka kuuona huo mlima wako kabla hawajauziba.

Binti yako


20 Machi

Kwa mwanangu mpendwa,

Natumai hujambo. Mimi namshukuru aliyenipa pumzi.

Jumamosi zile tulizoruka pamoja zimenikaa kichwani. Nikilala nahisi kitanda kinageuka taratibu, kama tunavyozunguka kwenye hewa inayopanda. Dereva mpya ameingia, ziwa sasa lina maji, na maji yana mawingu.

Ila amekuja na kasoro zake. Nguzo za umeme zilizonyooka zinapinda katikati kama mshumaa uliosahauliwa juani. Na mbele yangu kuna doa la kijivu. Nikigeuza ndege, nalo linageuka. Niliutafuta uwanja wa kutua kwenye kona ya skrini, doa likahamia huko likaumeza. Pembeni kote ni safi. Unasemaje, fundi?

Baba


22 Machi

Shikamoo baba,

Pole na usumbufu. Kasoro hiyo sijawahi kuisikia, nami nimeuliza kwenye jukwaa la wanaotengeneza hao madereva. Mmoja anasema punguza ubora wa vivuli. Mwingine anasema rudisha toleo la zamani uone. Jaribu yote mawili. Halafu bonyeza kile kitufe cha kupiga picha ya skrini doa likiwa hapo hapo mbele yako, unitumie, niwaonyeshe.

Usikate tamaa. Tutalipata tu.

Binti yako


4 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nimepunguza vivuli, doa lipo. Nimemrudisha dereva wa zamani, ziwa limerudi waridi, na doa lipo. Picha nimeipiga likiwa katikati kabisa, limefunika mnara wote. Ninaiambatanisha hapa. Waambie wenzako nawashukuru, ila doa limetushinda.

Baba


4 Aprili, jioni

Baba, shikamoo,

Leo sina salamu ndefu. Picha nimeifungua. Mnara unaonekana. Madirisha yake yanaonekana. Nguzo zimenyooka. Hakuna doa, baba.

Picha ya skrini inapigwa na kompyuta yenyewe, haipiti kwenye kioo. Kwa hiyo kadi haina kosa, wala dereva hana kosa. Nilitaka kuamini ni kioo kimeharibika, lakini doa la kioo halihami na mtu.

Tafadhali nifanyie jambo moja. Ondoka mbele ya kompyuta. Funika jicho moja kwa kiganja, tazama ukuta. Kisha jingine. Niambie unachokiona.

Binti yako


29 Aprili

Baba,

Nimepiga simu, unasema mtandao mbaya halafu unakata. Jumamosi nimekaa kwenye ndege peke yangu, kiti cha mbele kitupu. Sijakasirika. Niambie tu ulitazama ukuta?

Mwanao


2 Juni

Kwako binti wa jirani yangu,

Huu ni mkono wangu mimi Mshonaji, maneno ni ya baba yako. Amekaa hapa kwenye kiti cha wateja. Ananiambia niandike vile vile anavyosema, nisipambe.

Mwanangu, hujambo. Nilitazama ukuta siku ile ile. Doa lilikuwa ukutani. Mshonaji akaingia, nikaona kilemba, nikaona masikio na hereni. Uso haukuwepo.

Sikukujibu kwa sababu ilipokuwa kadi, palikuwa na watu duniani wanaohangaika kuitengeneza. Ilipokuwa mimi, niliona ni mimi peke yangu.

Mshonaji ndiye aliyenipeleka hospitali ya macho. Aliniambia, "Vaa shati, tunatoka," akanifungia mlango nisirudi ndani. Daktari anasema kitu kinavuja nyuma ya jicho. Katikati ya jicho la kushoto haparudi. La kulia limewahiwa. Wananichoma sindano jichoni kila mwezi, nami nimegundua kwamba mtu huweza kupiga kelele kwa heshima.

Kompyuta nimeifunika kitambaa.

Baba yako. (Na mimi jirani nasema: anakula vizuri, lakini haongei sana.)


5 Juni

Shikamoo baba, na shikamoo mama Mshonaji,

Nilisoma barua yenu kwenye chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, nikalia hadi nikamaliza. Sasa nimemaliza.

Toa hicho kitambaa. Mama Mshonaji akishaiwasha, nitaingia kutoka huku nikuwekee herufi kubwa. Na ile ndege ina kifaa cha mlio. Hewa ikikunyanyua, mlio unapanda na kuharakisha. Ikikuangusha, unashuka na kujikokota. Marubani halisi huufuata huo huku macho yao yakitazama kwingine.

Wewe utashika usukani na kuangalia pembeni. Mimi nitakutazamia katikati. Jumamosi, baba. Usiniachie kiti kitupu.

Binti yako


17 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono yangu mwenyewe. Ninaandika kwenye kompyuta, kila herufi kama kibao cha barabarani. Maneno matano yakijaza skrini, nasogea.

Sindano ya mwezi huu imepita. Jicho la kulia linashika. Jana nilimwona Mshonaji pua na mdomo, nikamwambia amenenepa, hajanisemesha tangu hapo.

Nataka kukusimulia Jumamosi, maana hukuiona yote. Ulikuwa umetoka zamu, sauti nzito. Ukasema, "Kushoto kidogo, baba. Mlima uko mbele. Sasa nyoosha." Kisha ukasema "nyoosha" tena pasipo haja. Kisha nikasikia pumzi zako kwenye vipaza sauti, ndefu, kama ulipokuwa mdogo mgongoni mwangu.

Nikajua hakuna tena wa kunitazamia katikati. Nikataka kukuita. Nikaacha. Nilipata hewa inayopanda juu ya bonde, nikaisikia kabla ya kuiona, nikailalia. Mlio ukishuka naegemea, ukipanda natulia. Pembeni mwa macho yangu ziwa lilipita, likaenda, likarudi. Katikati palikuwa na kijivu, na nyuma yangu ulikuwa wewe, umelala.

Sijui tulizunguka muda gani. Chumba changu kilijaa jua, na la huko kwenye mchezo likaanza kutua. Ukashtuka, ukauliza, "Baba! Tumeanguka?"

Nikakwambia, "Lala. Bado tuko juu."

Baba yako