Filimbi Niliyoiacha Ukunguni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Levin
Tarehe 22 Februari 2024, saa tatu na nusu asubuhi

Jina: Roimata Karaitiana
Umri: Miaka 57
Kazi: Mpishi wa kikosi cha wakata manyoya ya kondoo
Makazi: Taihape

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, baada ya kuambiwa na Konstebo Hartnell kwamba nina haki ya kunyamaza. Nimenyamaza mwaka mzima. Inatosha.

Mwezi Novemba 2022 nilianza kutembea peke yangu ile njia ndefu inayokata nchi nzima, kutoka ncha ya kaskazini hadi Bluff, kusini kabisa. Mume wangu alikuwa amefariki na watoto wamehama. Sikutaka mtu wa kuongea naye.

Mnamo tarehe 8 Februari 2023 nilikuwa juu ya milima ya Tararua, kwenye mgongo mwembamba ulio kusini mwa Te Kohu, kibanda cha kulala wapita njia. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata viatu vyangu. Saa nne na dakika arobaini asubuhi nilisikia filimbi, chini, upande wangu wa kushoto. Mara sita. Kimya. Mara sita tena. Bibi yangu alitulea akituambia kuwa ukunguni wanaishi watu weupe wanaopiga filimbi, na anayewafuata harudi. Nilijiambia ni wao. Kisha nikajiambia ni ndege. Sikujibu. Niliongeza mwendo, na kwa muda wa kama nusu saa ile sauti ilikuwa nyuma yangu. Siku ya pili nikaacha safari. Nyumbani nikasema goti limeniuma.

Siku tisa baadaye, mkata manyoya mmoja alinionyesha picha kwenye simu yake. Mwanamke amepotea, Sefina Tuimavave, miaka 31, muuguzi wa Porirua. Gari lake lilikutwa upande wa magharibi wa milima na huko ndiko walikomtafuta; filimbi niliyoisikia ilitoka mashariki. "Maskini," akasema mwenye simu. Mimi nikaendelea kumenya viazi. Ningeweza kupiga simu polisi siku ile. Sikupiga. Kila siku niliyochelewa ilinipa sababu ya kuogopa siku iliyofuata.

Mwaka huu nilirudi. Watu niliwaambia nakwenda kumalizia safari. Ukweli ni kwamba nilitaka kusimama pale pale nisikie kama kuna ndege anayelia vile.

Mnamo tarehe 19 Februari 2024, saa tisa alasiri, nilifika kibanda cha Te Kohu. Ndani alikuwamo mwanaume mmoja, mnene, amevaa buti za kazini na kizibao cha njano cha watu wa ghalani. Kando yake palikuwa na kamba ndefu. Hakuwa na sura ya mtu wa milimani. Nilipovua begi akanitazama, kisha akatazama jina nililoliandika kwenye mkanda wa begi kwa kalamu ya wino.

"Roimata wa Taihape," alisema. "Nimekutafuta mwaka mzima, dada."

Nilikuwa na kisu kidogo cha jikoni mfuko wa pembeni na mkono wangu ulikwenda huko wenyewe.

Alisema anaitwa Faleolo Tuimavave, dereva wa foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na Sefina ni mdogo wake wa mwisho. Alikuwa amepiga picha kurasa za kitabu cha wageni cha kibanda za wiki ile ya mwaka jana. "Watu kumi na watano. Kumi na wanne nimeongea nao. Wewe tu hukuacha namba. Uliona mtu? Ulisikia chochote?"

Nilimjibu, "Hapana. Sikuona mtu."

"Sawa, dada," akasema. Hakuuliza tena. Nilipochemsha chai, alifungua kopo la samaki, akanikatia nusu ya kipande cha gimbi alichokuwa amekifunga kwenye karatasi. "Kula. Chai yako inanuka soksi lakini tutakunywa." Nilikula chakula cha mtu niliyemdanganya. Usiku sikulala. Alikuwa akikoroma, na kila alipoacha kukoroma nilidhani amekwisha kujua.

Asubuhi ya tarehe 20 Februari, saa moja na nusu, aliniomba tuongozane. Alisema anaogopa urefu.

"Mtu anayeogopa urefu anafanya nini huku juu?" nilimuuliza.

"Natambaa. Hii ni mara ya saba. Wenzangu kazini wananiita mjusi. Hata ngazi ya ghalani sipandi, namtuma mwingine."

Tulitoka. Alishika mkanda wa begi langu kwa nyuma na hakuuachia. Palipokuwa pembamba alitembea kwa magoti, akiniambia, "Usiende mbio, mama wewe, unanivuta kama mbuzi." Nilicheka. Ilikuwa miaka miwili sijatembea na mtu nikacheka. Halafu ukungu ukapanda kutoka bondeni, nikaijua ile sehemu.

Saa tatu na robo nilisimama. Nilisikiliza kwa muda wa dakika kumi. Hapakuwa na ndege yeyote.

Nikamwambia, bila kugeuka, "Mwaka jana nilisikia filimbi hapa."

Alikuwa bado ameshika mkanda. Kila upande wetu palikuwa na korongo, na mtu mwenye uzito ule angenivuta kidogo tu. Nilidhani atanivuta. Nilifikiri pia kwamba ana haki.

"Ulidhani ni nini?"

"Ndege."

"Ndege?"

"Nilijua ni mtu."

Kisha akasema, "Upande gani?"

Nilinyoosha mkono. Tulifunga kamba kwenye jiwe. Alijaribu kushuka akashindwa. Nikashuka mimi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nadhani nilimwogopa zaidi yeye aliyeshika kamba juu kuliko korongo lenyewe. Yapata mita arobaini chini, katikati ya mawe na vichaka, niliona begi la bluu, koti, na mifupa. Sikugusa kitu.

Alipaza sauti, "Kuna nini?"

"Kuna viatu vyekundu."

"Vya kamba nyeupe?"

"Ndiyo."

Hapo akashuka. Alishuka kinyumenyume, macho amefumba, akimwita mama yake. Alivua kile kizibao cha njano akamfunika nacho mdogo wake. Saa tano kasoro kumi nilibonyeza kifaa changu cha dharura. Helikopta ilikuja saa nane na dakika ishirini, ukungu ulipofunguka.

Muda huo wote tulikaa pamoja pale chini. Aliniuliza filimbi ilipigwa kwa muda gani. Nilitaka kusema mara moja tu. Nikamwambia nusu saa, na kwamba niliendelea kuisikia nikienda. Alihama, akakaa mbali nami, amenipa mgongo, akaimba kwa Kisamoa. Baridi ilipozidi alirudi akakaa bega kwa bega nami.

Konstebo ameniuliza kama Faleolo alinitisha au kunigusa vibaya. Hapana. Hofu yote ilikuwa yangu, nilipanda nayo. Ameniuliza kama yule dada angepona lau ningejibu. Sijui. Naomba iandikwe hivyo hivyo, kwamba sijui.

Niliyoyasikia na niliyoyaficha ni hayo, na sina la kupunguza.

Sahihi: R. Karaitiana

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amesomewa yaliyo hapo juu, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu saa tano na dakika tano asubuhi. Shahidi hana usafiri. Basi la Taihape halipo hadi kesho. Bw. Tuimavave, aliyemaliza kutoa maelezo yake saa mbili na nusu na kuruhusiwa kuondoka, nimemkuta bado ameketi barazani. Nilimkumbusha kwamba Porirua, anakoishi, ni kusini, na Taihape ni kaskazini. Akajibu, "Najua. Mwambie avae koti, hita ya gari langu mbovu."

P. Hartnell, Konstebo